Koti la Babu Ambalo Sikulivua

Shangazi Tereza aliponishika mkono siku ya kuanua matanga, akaniomba nisilivue koti la babu, nilipaswa kukataa. Hapana ni neno dogo, hata mtoto anayeanza kusema analijua. Sikulisema. Haya ninayoandika yote yametoka hapo, na nayaandika nikiwa mzee ambaye meno yamekwisha, sina tena mtu ninayetaka kumfurahisha wala kumtisha. Wapo watakaosema niliota. Sawa. Lakini shangazi naye aliota? Na kile chungu cha mboga kilichopasuka uani, nacho kiliota? Nisikilize kwanza, uamue mwishoni.

Ilikuwa miaka ya sabini, kijijini kwetu Litapunga.

Babu yangu alikuwa mrina asali. Baba yangu alifariki nikiwa sijaota hata meno ya utu uzima, kwa hiyo babu ndiye niliyemjua kama baba, na harufu ya baba kwangu mpaka leo ni moshi na nta. Alikuwa na koti la kaki, zito, refu mpaka magotini, ambalo alilivaa kiangazi na masika. Nyuki walikuwa wamelichoma mpaka likawa kama limewachoka. Mizinga yake ya magome aliitundika ndani kabisa ya msitu wa miyombo, na nilipokuwa mtoto alinichukua tukakaa huko kambini siku nyingi, tukila ugali kwa asali na nyama ya kukausha.

Nikueleze mtu wa namna gani. Siku moja porini nyuki alinichoma kwenye kope, jicho likafumba, nikalia. Babu aliutoa mwiba kwa ukucha wa kidole gumba. Halafu, niamini, akaingiza mkono kwenye mzinga, akamtoa nyuki mmoja, akamweka puani kwake mwenyewe mpaka akamchoma. Pua ikavimba kama kiazi. Nikamuuliza, "Babu, kwa nini?" Akasema, "Tukifika nyumbani tukiwa wawili, bibi yako hatajua aanze kumcheka nani."

Alikuwa na ndege wake pia, yule anayemwongoza mtu kwenye asali. Babu alipiga mluzi, ndege akaitika, tukamfuata. Na kila tulipomaliza kurina aliacha kipande cha sega juu ya gogo. Hata kama asali ilikuwa kidogo, aliacha. Alisema, "Aliyekuonyesha njia usimdhulumu, mjukuu wangu."

Nilipokwenda sekondari alinifuata Jumapili ya wageni, kwa baiskeli, chupa ya asali imefungwa kwenye fremu kwa mpira. Wazazi wa wenzangu waliuliza habari za masomo. Yeye aliomba aonyeshwe kitanda ninacholala. Akakikalia, akakitikisa kulia na kushoto, wenzangu wakijiziba midomo, kisha akatangaza, "Haya. Hakitamwangusha." Akapanda baiskeli yake akarudi.

Na utani! Kwetu mjukuu na babu ni watani, wanagombea mke mmoja. Bibi aliniita "mume wangu mdogo." Babu alikuwa akinikuta jikoni nimekaa karibu na bibi, anatikisa kichwa, anasema, "Iko siku utanishinda, mwizi wa mke wangu wewe." Bibi anajibu, "Ameshakushinda zamani. Huyu ana meno." Tunacheka wote watatu.

Sasa shika jambo hili moja, maana kisa chote kimekaa juu yake. Babu alipotoka porini jioni hakuingia nyumbani kimyakimya. Alisimama mlangoni, akakohoa mara moja, akagonga mwimo wa mlango kwa mpini wa shoka, akasema, "Wenye nyumba mpo, au mmenihama?"

Bibi, popote alipo, alijibu, "Tumehama tangu juzi. Pita zako."

"Basi nitalala kwenye gofu lenu." Hapo ndipo alipocheka, na kwa kuwa jino la mbele lilitoka zamani, kicheko chake kilikuwa na kamluzi kadogo ndani yake. Nilisikia maneno hayo utoto wangu wote. Sijasikia watu wengine wakisalimiana hivyo.

Babu alifariki kiangazi, baada ya kukohoa kwa muda mfupi tu. Mimi wakati huo nilikuwa mtunza stoo wa tumbaku mjini Mpanda. Nilipofika alikuwa bado ana nguvu ya kunitania. Alinishika kifundo cha mkono akasema, "Usikimbilie kunirithi, mke bado wangu." Alfajiri hakuamka. Tulimzika na shati lake jeupe la Pasaka.

Bibi alikuwa haoni tena. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunga macho yote mawili. Tangu babu alipokata roho hakutia kitu mdomoni. Wanawake walimbembeleza, katekista akamsihi kwa maneno ya dini, yeye akawa amegeukia ukutani tu.

Unajua kazi ya mtani msibani. Watu wanalia, yeye anachekesha. Kwetu mjukuu mkubwa huvaa nguo ya marehemu, hushika kitu chake, humwigiza anavyotembea na anavyosema, mpaka waliofiwa wacheke. Nilikuwa mwigaji mzuri, tangu shule. Nikavaa lile koti la kaki, nikatia shoka begani, nikapita katikati ya watu nimeinama kama babu, nikawauliza kina mama kama uji wao ni uji au ni maji yaliyooshewa miguu. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Na kama kawaida ya mwigaji, niliongeza chumvi. Babu alikohoa mara moja, mimi nilikohoa mfululizo. Yeye alikuwa na kamluzi kadogo, mimi nilipiga mluzi mrefu kama filimbi ya refa.

Nikafika mlango wa chumba cha bibi. Sikufikiri. Nikakohoa, nikagonga mwimo, nikasema, "Wenye nyumba mpo, au mmenihama?"

Kelele za uani zilikatika. Kisha tukasikia sauti ya bibi, ndogo, kavu, "Tumehama tangu juzi. Pita zako."

"Basi nitalala kwenye gofu lenu," nikasema, nikapiga ule mluzi.

Bibi akacheka, akalia, akasema, "Mume wangu mdogo, mwenzio ameniacha." Akaomba maji. Halafu akala ugali. Shangazi Tereza, ambaye ni binti yake wa pekee na ndiye aliyekuwa anakaa naye, alipiga magoti pale pale kushukuru.

Mpaka hapo hapakuwa na kosa. Nataka uelewe hivyo. Bibi alijua ni mimi, na mimi nilijua ni mimi.

Kosa lilikuja siku ya kuanua matanga. Desturi yetu ni kwamba siku hiyo mtani analivua vazi mbele ya watu wote, anataja jina lake mwenyewe kwa sauti, kisha vazi linapelekwa kaburini likalazwe huko usiku mmoja. Asubuhi yake ni nguo tu, yeyote anaweza kupewa. Aliyesimamia alikuwa Mzee Maganga, mkubwa wa watani wa ukoo wetu, mzee mwembamba mwenye ulimi mkali.

"Haya kijana," akasema, "umetuchekesha, umekula kuku wetu, sasa vua. Useme wewe nani."

Nilikuwa nimeshafungua kifungo cha juu. Shangazi akanishika mkono.

"Mzee Maganga, mwache kidogo. Mama anakula kwa sababu ya hili koti. Analishika mkono wake, analinusa, ndipo anakula. Mkilipeleka kaburini leo, kesho mtarudi kunizikia mama."

"Tereza, koti hili lina mwenyewe. Anasubiri aletewe."

"Asubiri kidogo! Alimpenda mama, atakataa kusubiri?"

Watu wakaguna, wengine wakasema kweli, mwache bibi apate nguvu. Mzee Maganga akanitazama mimi. "Tereza ni mwanamke mwenye uchungu, simlaumu. Wewe ndiye uliyelivaa. Wewe unasemaje?"

Nikakifunga kile kifungo. Nikasema, "Wiki chache tu."

Mzee akachukua fimbo yake. "Nyie watu wa shule," akasema, akaenda zake bila kula.

Nikawa nafanya hivyo kila jioni mpaka likizo yangu ikaisha. Baadaye nikawa naendesha baiskeli kutoka Mpanda kila Jumamosi. Nakohoa, nagonga, nasema, najibiwa. Nakaa kwenye kigoda cha babu, bibi anashika mkono wa koti, anakula. Alinenepa kidogo. Shangazi alirudi kuimba jikoni. Ungekuwa wewe ungeacha?

Lakini taratibu, sijui ni lini hasa, bibi aliacha kuniita mume wangu mdogo. Alianza kuniita Baba Tereza. Mwanzo nilidhani ni utani wake. Nikamwambia, "Bibi, ni mimi." Akanipiga kofi dogo la begani, akasema, "Uzee umekuchanganya, unaniita bibi." Akaanza kuniuliza habari za mizinga. Nikawa nabahatisha majibu.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo sikubahatisha. Bibi alikuwa ameshika mkono wa koti, ametulia. Akauliza, "Baba Tereza, yule mtoto wetu wa kwanza, siku ile sikuja makaburini. Ulimlaza wapi?"

Sikuwahi kusikia kwamba walikuwa na mtoto kabla ya Shangazi Tereza. Nikafungua mdomo niseme kwamba nimechoka, tuzungumze kesho. Nikajisikia nasema, "Ng'ambo ya kijito, chini ya mninga. Kalunde nilimfunika kwa kaniki yako ya bluu, usihofu, hakusikia baridi."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole, machozi yakimtoka. "Ndiyo," akasema. "Ile ya bluu."

Nilitoka nje haraka. Shangazi alikuwa amesikia akiwa mlangoni. "Kalunde ni nani?" akaniuliza.

"Sijui."

"Si wewe umesema?"

"Shangazi, nakuambia sijui. Mdomo ulisema wenyewe. Mimi naacha. Leo hii nalivua."

Shangazi akaegemea ukuta. Hakunifokea. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniweza, "Ukiacha hatakula. Umeshamwona akikataa chakula. Basi uje wewe umwambie kwamba mumewe amekufa mara ya pili. Mimi siwezi."

Nami sikuweza. Nikarudi Mpanda Jumapili, na Jumamosi iliyofuata nikarudi Litapunga, kama ng'ombe anayejua njia ya josho.

Sasa nafika kwenye jioni yenyewe. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Nilichelewa kutoka stoo kwa sababu ya marobota ya tumbaku yaliyolowa, na njiani cheni ikakatika, nikasukuma baiskeli kipande kirefu cha barabara. Mvua ikanikuta, nikalivaa lile koti, ambalo nilizoea kwenda nalo na kurudi nalo. Niliingia kijijini jua likizama, watu wanawasha taa, kuku wanapanda kulala. Haikuwa usiku, nasisitiza. Niliona vizuri kila kitu nilichokiona.

Nikafika uani. Jikoni palikuwa na moshi, shangazi anapika. Nikaegemeza baiskeli ukutani. Kabla sijageuka nikasikia mtu anakohoa ndani ya nyumba. Mara moja. Kisha pigo moja la mti juu ya mti. Kisha sauti ikasema, "Wenye nyumba mpo, au mmenihama?"

Nilifikiri nini? Nilifikiri binamu yangu mmoja ameamua kunisaidia kazi kwa kuwa nimechelewa. Na nilifikiri, Mungu anisamehe, kwamba anaigiza vibaya. Sauti ilikuwa ya chini, ya kuchoka, haina mbwembwe. Nikasubiri bibi ajibu. Hakujibu.

Sauti ikarudia. Bibi akasema, "Nani wewe?"

Nikaingia. Koroboi ilikuwa inawaka juu ya sanduku. Bibi alikuwa ameketi kitandani, amejikunyata. Mbele yake, kwenye kigoda, alikaa mtu aliyenipa mgongo. Amevaa shati jeupe. Hakuwa na koti, na shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa maji, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka kwa baridi. Nikayajua yale mabega. Nimebebwa juu yake kuvuka mito.

Akageuka. Usiniulize uso wake ulikuwaje, nitakuambia baadaye kwa nini. Nakumbuka tu kwamba haukunitisha. Uliniangalia kama mtu aliyetembea mbali akamwona mtu wa kwao.

"Mjukuu wangu," akasema, "afadhali umekuja. Nimepiga hodi kwangu, siitikiwi."

Bibi akageuza kichwa upande wa mlango. "Baba Tereza! Ni wewe umefika? Kuna mtu humu. Ameingia bila ruhusa, anajifanya wewe. Sauti yake siyo. Hata kukohoa hajui."

Unaelewa alichokisema? Alikuwa amezoea kukohoa kwangu. Alikuwa amezoea mluzi wangu wa refa. Miezi yote ile nilikuwa nimemfundisha mume mwingine, na yule wa kweli alipokuja na kikohozi chake kimoja, na sauti yake ya chini, akaonekana ndiye mwongo.

Babu alisema, "Sikai. Nimekuja kumuaga bibi yako, nichukue na koti langu, huko kuna umande. Mwambie jina lako, mjukuu wangu. Akijua wewe ni wewe, atajua mimi ni mimi."

Hivyo tu. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu. Nivute pumzi, nitaje jina nililobatizwa nalo, nivue koti, nimpe mwenyewe.

Nikafungua mdomo. Kikaja kikohozi. Kikohozi changu cha msibani, mfululizo, kama cha kuchekesha watu. Nikajaribu tena kusema jina langu, nilikuwa nalo kabisa ulimini, naliona herufi zake, na sauti iliyotoka ikasema, "Wenye nyumba mpo, au mmenihama?"

Uso wa bibi ukachangamka. "Tumehama tangu juzi! Pita zako!"

"Basi nitalala kwenye gofu lenu," nikasema, na ule mluzi mrefu ukanitoka puani na mdomoni, huku machozi yakinitiririka. Nilishika vifungo vya koti. Vidole vilikuwa vyangu, nilivihisi, lakini vilikuwa kama vimelowekwa kwenye nta. Kifungo hakikutoka. Bibi alikuwa ameinuka, anapapasa hewa, akanipata mkono wa koti, akaukamata kwa mikono yote miwili.

"Usilivue, Baba Tereza, umelowa, utaumwa. Mwambie huyo atoke. Wewe mzimu, toka nyumbani kwa watu! Mimi nina mume wangu!"

Alisema hivyo kwa sauti kali, ambayo sikuwahi kumsikia nayo maisha yangu yote. Na alikuwa anamwambia mtu aliyeishi naye tangu usichana.

Babu akanyanyuka. Alimtazama bibi kwa muda. Alinyoosha mkono kidogo, kama anataka kumgusa kichwa, akaurudisha. Kisha akanitazama mimi, akacheka. Kicheko kidogo tu, chenye kamluzi kadogo sana, karibu usikisikie.

"Basi," akasema. "Umenishinda, mwizi wa mke wangu."

Akapita pembeni yangu. Nilihisi ubaridi wa shati lake kwenye mkono wangu. Akatoka kwenye mvua.

Hapo hapo nikasikia chungu kinapasuka uani, na shangazi anapiga kelele. Nilipotoka alikuwa amesimama, mboga imemwagika miguuni pake, mvuke wake unapanda. Alikuwa anatazama upande wa kijito.

"Nani yule aliyetoka bila koti?" akaniuliza. "Nimemsalimia. Hakuitika, amenishika bega tu. Kwa nini anatembea kama baba?"

Nikamshika mkono, nikamwingiza jikoni. Tulikaa jikoni mpaka moto ukafa.

Asubuhi nilimwendea Mzee Maganga. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anasuka kamba ya magome, hakuinua kichwa. Nikamwomba tufanye ile desturi sasa, mbele ya watu, nivue, nitaje jina.

"Utavua," akasema. "Vifungo vitatoka. Jina utalitaja vizuri tu. Lakini unamvulia nani? Aliyekuwa akisubiri alikuja mwenyewe, akafukuzwa. Mtu akifukuzwa kwake, atarudi kufanya nini?"

Hata hivyo alinisindikiza makaburini. Vifungo vilitoka, kama alivyosema. Nikataja jina langu, likatoka safi. Nikaliweka koti juu ya kaburi. Kwa desturi, asubuhi yake ungelikuta limekauka, hata kama mvua imenyesha. Ndivyo wazee walivyokuwa wakijua kwamba mwenyewe amelipokea na kuliachia. Nilikwenda asubuhi. Lilikuwa limelowa chepechepe. Nikalikuta hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Hakuna aliyekubali kulichukua. Mchwa walilimaliza pale pale.

Kwa bibi nilirudi bila koti, nikamshika mikono, nikamwambia kwa sauti yangu ya kawaida, "Bibi, ni mimi mjukuu wako. Babu alifariki. Ni mimi nilikuwa naigiza."

Akacheka. "Baba Tereza, acha utani."

Nilimweleza mara nyingi. Shangazi alimweleza. Katekista alimweleza. Kwake sauti yangu ilikuwa sauti ya mumewe, ya kweli na ya kuigiza, sijui tena ipi ni ipi. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, anakula vizuri, hasumbui mtu. Ila jioni, nilipokaa naye, alikuwa akiuliza, "Yule mjukuu wetu yuko wapi siku hizi? Yule mume wangu mdogo. Hata kuja kunisalimia hataki? Mji umemla?"

Ningemjibu nini? Nilikuwa namwambia, "Atakuja."

"Mwambie asinisahau. Nilimpenda sana yule mtoto."

Alifariki akimuulizia. Nilikuwa nimemshika mkono. Kwenye msiba wake wajukuu wenzangu walitafuta mtani wa kuvaa kanga yake na kumwigiza. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba mpaka watu walipotawanyika.

Wewe unayesoma, kama ni mtani, fanya kazi yako. Chekesha watu, ni kazi njema, waliofiwa wanaihitaji. Lakini siku ya kuanua matanga vua nguo ya marehemu, hata kama watakushika mkono, hata kama anayekushika analia na ana sababu nzuri. Nguo hiyo ina mwenyewe, naye yuko njiani kuja kuaga.

Nilisema nitaeleza kwa nini usiniulize uso wa babu ulikuwaje. Ni kwa sababu sinao tena. Nakumbuka nyuki puani, nakumbuka kile kitanda cha shule, nakumbuka sega juu ya gogo. Lakini mtu mwenyewe anayefanya mambo hayo, nikimtafuta, namwona kijana wa Mpanda amevaa koti lisilo lake. Nikijaribu kuisikia sauti yake, inakuja ile yangu ya msibani, na mluzi wa refa. Hivyo ndivyo nilivyolipa. Babu yangu aliondoka bila kuagwa, amefukuzwa nyumbani kwake na mke aliyempenda. Bibi yangu alikufa akiamini kwamba nilimsahau. Nami sina babu hata wa kukumbuka.